Baa za Mji wa New York: Sikukuu Zake na Milango Yake Mipya

Mgeni atakaye kuujua mji mkubwa huenda kwanza kutazama majumba marefu, madaraja na makumbusho. Hayo ni mema. Walakini akitaka kujua jinsi wenyeji wanavyokaa wao kwa wao, yafaa atazame pia mahali wanapokutana jioni, kazi ikiisha. Katika New York, mji wenye watu wengi kupita yote ya Marekani, mahali hapo aghalabu ni baa. Leo tutaeleza mambo mawili yaonyeshayo tabia ya baa hizo: siku za sikukuu, na namna baa mpya zinavyofunguliwa.

Tuanze na siku ya mapumziko. Zamani vibarua walifanya kazi siku sita, na Jumapili peke yake ndiyo iliyokuwa yao. Mwaka 1896 Jimbo la New York lilitoa sheria iliyokaza marufuku ya kuuza pombe Jumapili, illa katika hoteli yenye vyumba kumi au zaidi, tena kwa mgeni anayekula chakula. Je, wenye baa walifanya nini? Waligawanya orofa za juu kwa mbao wakapata vyumba kumi, wakajiita wenye hoteli. Mezani wakaweka mkate uliotiwa nyama, asiokula mtu. Mgeni akiondoka, mkate ule ule ulipelekwa kwa mwingine. Tena vyumba vile vingi vikawa mahali pa ukahaba. Hivyo sheria iliyokusudiwa kuondoa ubaya mmoja ilizaa mwingine.

Tarehe 17 Januari 1920 pombe ilikatazwa katika Marekani nzima. Baa zilifunga milango ya mbele zikafungua ya nyuma, na wanywaji wakaingia kwa kunong'ona. Wauzaji wa siri walitumia hata spiriti ya viwandani, ambayo serikali ilikuwa imeamuru itiwe sumu ili isinyweke. Siku za Krismasi ya mwaka 1926, watu wengi wa New York waliugua kwa kunywa pombe ya namna hiyo, na baadhi yao wakafa. Marufuku hayo yaliondolewa tarehe 5 Desemba 1933.

Sikukuu inayojaza baa kupita kiasi ni ya Mtakatifu Patrick, tarehe 17 Machi, inayopendwa na watu wenye asili ya Ireland. Maandamano yake katika mji huo yalianza mwaka 1762, kabla Marekani haijapata uhuru. Siku hiyo watu hufurika katika baa ya McSorley's, ambayo wenyewe husema ilifunguliwa mwaka 1854. Humo huuzwa bia ya namna mbili tu, nyeupe na nyeusi. Wanawake walikatazwa kuingia humo mpaka mwaka 1970, sheria ya mji ilipofungua mlango. Lakini mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, baa zote ziliamriwa zisikalishe wageni tangu saa mbili usiku wa tarehe 16 Machi. Basi sikukuu ilipopambazuka, viti vilikuwa vitupu.

Sasa tutazame baa mpya. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Watu wa mji hukimbilia mlango uliofunguliwa jana. Lakini kufungua si jambo jepesi. Mwenye kutaka leseni ya pombe hana budi kuliarifu baraza la mtaa siku 30 kabla ya kuiomba, na majirani huweza kusema kama makelele yatawanyima usingizi. Baraza hutoa shauri. Idara ya pombe ya jimbo ndiyo iamuayo. Baa ya pombe kali hairuhusiwi katika njia moja na shule au nyumba ya ibada ikiwa umbali haufiki futi 200. Tena kama ziko baa tatu katika futi 500, mwombaji lazima aonyeshe kwamba ya nne itawafaa watu wote, wala si yeye peke yake. Asiyetimiza miaka 21 hauziwi pombe, na saa kumi alfajiri uuzaji hukoma.

Twaona basi kwamba kukataza kabisa kulileta udanganyifu na vifo, na kuacha kila mtu afanye apendavyo kungeleta usumbufu. Mji ule umechagua njia ya katikati, yaani kuwauliza jirani kwanza. Hata kijijini, mtu atakapo kufungua kilabu cha pombe, maswali ni yale yale: Ni karibu na shule? Kitafungwa saa ngapi? Na mama mwenye mtoto mchanga nyumba ya pili ameulizwa? Afadhali maswali hayo yajibiwe kabla ya mlango kufunguliwa kuliko baadaye.