Ugali ukiondoka mezani, nini kifuate?

KATIKA nyumba nyingi humu nchini, mtu aliyekula mboga na nyama bila ugali husema hajala. Ndiyo maana mtu anapotangaza kwamba ameacha ugali, wali na chapati ili apunguze uzani, swali la kwanza la jamaa zake huwa: Sasa utakula nini?

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe limo katika masoko yetu. Lakini lipo swali la pili ambalo ni nadra kuulizwa: Je, unatumia dawa gani? Kwa baadhi ya watu, hili la pili ndilo lenye uzito zaidi.

Ugali, wali, mkate, viazi na ndizi ni vyakula vya wanga. Tumbo huvisaga wanga huo ukawa sukari, nayo kongosho hutoa insulini ili sukari hiyo iingie katika chembechembe za mwili. Aghalabu, mlo huhesabiwa kuwa wa wanga kidogo usipozidi gramu 130 za wanga kwa siku.

Lishe ya ketojeniki huenda mbali zaidi, kwani huruhusu kati ya gramu 20 na 50 pekee. Kiwango hicho kikidumu kwa siku kadhaa, akiba ya sukari iliyo katika ini hupungua, nalo ini huanza kugeuza mafuta kuwa ketoni. Ubongo na misuli huzitumia ketoni hizo mahali pa sukari.

Lishe hii haikubuniwa kwa ajili ya wanaotaka kupungua. Mnamo mwaka wa 1921, Daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic nchini Marekani aliipendekeza kama tiba ya kifafa, maadamu ilikuwa imebainika kwamba kukaa bila kula kuliwapunguzia baadhi ya wagonjwa mishtuko. Hadi leo, hutumiwa kuwatibu watoto ambao kifafa chao hakidhibitiwi na dawa, chini ya uangalizi wa madaktari. Mlo wenye nguvu ya kutibu basi si wa kuchezewa.

Anayetaka kujaribu nyumbani na aanze kwa hesabu. Gramu 100 za unga wa mahindi huwa na zaidi ya gramu 70 za wanga, kwa hivyo sahani moja ya ugali yaweza kumaliza kiwango cha siku nzima. Ndizi mbivu moja ya wastani ina takriban gramu 27. Hata chai yahesabiwa: vijiko vitatu vidogo vya sukari ni gramu 12 hivi, kabla ya maziwa.

Kwa upande mwingine, yai halifikishi hata gramu moja. Samaki na nyama hazina wanga wa kutajwa. Sukuma wiki, mchicha na kabichi zina wanga mchache, na parachichi, japo ni tunda, sehemu kubwa ya wanga wake ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari.

Mathalani, samaki wa kupaka wa Pwani hahitaji kubadilishwa sana. Mpake samaki kitunguu saumu, tangawizi, chumvi na ndimu, kisha umchome. Chemsha tui zito la nazi pamoja na nyanya, bizari na pilipili hadi lishikane, halafu umpake huku ukimgeuza juu ya makaa. Usitie unga ili kuufanya mchuzi uwe mzito.

Mahali pa wali, paruza koliflawa kwa kifaa cha kuparuzia karoti, kisha uikaange kwa mafuta kidogo kwa dakika tano bila maji. Gramu 100 za wali ulioiva zina wanga wa gramu 28 hivi, ilhali koliflawa ina gramu tano. Ikiwa koliflawa ni ghali, kabichi iliyokatwa nyembamba yatosha. Omena waliokaangwa kwa nyanya na vitunguu, pamoja na sukuma wiki, ni mlo mwingine usiohitaji duka kubwa.

Katika siku za mwanzo, wengi huumwa na kichwa na kuhisi uchovu, kwa sababu mwili hupoteza maji na chumvi kwa wingi. Kunywa maji na supu husaidia, ila mwenye shinikizo la damu asijiongezee chumvi kabla ya kumuuliza daktari.

Sasa turejelee swali la pili. Mchukulie mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini au kumeza glibenklamaidi. Kipimo cha dawa yake kiliwekwa wakati alipokuwa akila ugali. Akiuondoa ugali leo na kutumia dawa ileile, sukari yake yaweza kushuka mno akatetemeka, akatokwa na jasho, akachanganyikiwa na hata kuzirai. Adui hapo si chakula wala dawa, bali ni kimoja kubadilishwa bila kingine.

Aidha, wanaotumia dawa za kisukari za aina ya dapagliflozini wamo katika hatari ya damu kujaa asidi wanapopunguza wanga kupita kiasi, hata kama kipimo cha sukari chaonekana cha kawaida. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye maradhi ya figo au ini pia hawafai kujaribu lishe hii bila ushauri wa daktari.

Kwa mtu mwenye afya, si lazima ugali ufukuzwe mezani. Kupunguza donge hadi nusu, kuongeza mboga na kuacha sukari katika chai ni hatua ambayo wengi wataimudu kwa miaka. Anayetumia dawa naye aanzie kliniki, kisha ndipo aende sokoni.