Gentle: kutoka nasaba hadi upole
Neno la Kiingereza "gentle" limetokana na Kifaransa cha kale "gentil", yaani mwenye nasaba bora, ambalo nalo asili yake ni Kilatini "gentilis", wa ukoo mmoja. Lilipoingia katika Kiingereza, karne ya 13, lilihusu uzawa wa mtu. Maana ya upole ilijitokeza karne ya 16. Kwa hiyo mfasiri wa Shakespeare anayeandika "mpole" kila alikutapo neno hili hupotosha: mara nyingi anayetajwa ni mtu wa daraja, na huenda hana upole wowote. Kiswahili kina neno lililopita njia iyo hiyo, "muungwana": kwanza mtu huru asiye mtumwa, kisha mwenye adabu. Lakini upepo haufanywi muungwana. Huo ni mwanana.