Nyamuhanga na Mungu: Asili na Maana ya Majina Mawili

Katika komine ya Mulekera, mjini Beni, Muumba hutajwa kwa majina mawili. Muumini asalipo kwa Kiswahili humwita Mungu. Asalipo kwa Kinande humwita Nyamuhanga. Ni rahisi kudhani kwamba jina la kwanza ni la dini iliyoletwa, na la pili ni mabaki ya mila. Dhana hiyo si jambo dogo, kwani aishikaye huweza kuliona jina walilosalia wazee wake kuwa halistahili kutajwa kanisani. Makala hii inakusudia kuonyesha, kwa ushahidi wa lugha, kwamba majina yote mawili ni ya Kibantu na yote ni ya kale.

1. Mungu

Maneno mengi ya ibada katika Kiswahili yana asili ya Kiarabu: dini, ibada, sala, roho, hata Mola na Rabi. Neno Mungu si miongoni mwao. Umbo lake la zamani ni Mulungu, ambalo lingali likitumiwa na Wayao, Wachewa na Wamijikenda. Kiswahili kiliangusha l ya kale kati ya irabu katika maneno mengi. Mnande husema enzala, Mswahili husema njaa. Mnande husema embula, Mswahili husema mvua. Kwa njia hiyo hiyo Mulungu likawa Muungu, kisha Mungu. Ushahidi umo ndani ya Kiswahili chenyewe: wingi ni miungu, na nomino dhahania ni uungu. Maumbo hayo yanadhihirisha kwamba shina ni -ungu, na kwamba irabu mbili zilikutana mahali ilipodondoka l. Kuhusu maana ya awali ya shina hilo, wataalamu hawajaafikiana.

2. Nyamuhanga

Jina hili lafunguka kwa urahisi zaidi. Lina sehemu tatu: nya-, kiambishi kinachoundia majina mengi katika eneo la Maziwa Makuu, mu-, kiambishi cha ngeli ya watu, na -hanga, kitenzi chenye maana ya kuumba. Muundo wa mu-hang-a ni sawa na ule wa Mu-umb-a katika Kiswahili. Wakonzo wa Uganda, ndugu wa Wanande kwa lugha na asili, hutumia jina lilo hilo. Wanyoro na Wanyankole husema Ruhanga, na katika Kinyarwanda guhanga ni kuumba au kubuni.

Aidha, h ya Kinande mara nyingi hulingana na p ya Kiswahili. Kutoa kitu kumpa mtu ni eriha kwa Kinande, na kiambishi cha mahali ni ha- panapotumika pa- katika Kiswahili. Kwa kanuni hiyo, -hanga ni ndugu wa -panga. Nyamuhanga, basi, ni yule aliyepanga vitu vikawa na mahali pake. Kitenzi -umba, kwa upande wake, kinatokana na -bumba, yaani kufinyanga udongo, kama kingali kikisemwa katika Kinyarwanda. Lugha moja yamwona Muumba kama mfinyanzi. Nyingine yamwona kama mpangaji.

3. Mfano wa Kitamil

Hali ya jina la kale kuishi bega kwa bega na jina lililokuja baadaye si ya Beni peke yake. Watamil wa kusini mwa India humwabudu Murugan, ambaye jina lake latokana na neno la Kitamil muruku, lenye maana za ujana, uzuri na harufu nzuri, pamoja na kiishio -an cha jinsi ya kiume. Baadaye alilinganishwa na Skanda wa Kisanskriti, anayeitwa pia Subrahmanya. Majina hayo mageni yalipokewa, lakini Murugan halikuachwa. Watamil walilihifadhi.

4. Hitimisho

Kwa mfasiri na mwalimu, funzo ni kwamba umri wa jina haupimwi kwa kitabu ambamo liliandikwa kwanza. Mungu na Nyamuhanga yalikuwa vinywani mwa watu kabla ya kuandikwa katika vitabu vya sala. Tofauti ni kwamba maana ya Mungu imefichika, ilhali Nyamuhanga lingali likijieleza lenyewe kwa kila amwelewaye Mnande.