Vichupa vya "feromoni": tusome majina kabla ya kutoa pesa

Mtu wa Pwani hafundishwi kupenda manukato. Nyumba zetu zimejaa udi, ubani, asumini na mafuta mazuri tangu enzi za mabibi zetu, na kujitia manukato kwa swala ya Ijumaa ni sunna. Lakini siku hizi imezuka bidhaa nyengine. Vichupa vyatangazwa kwenye simu kwamba vina "feromoni", na kwamba ukijipaka, umtakaye atakufuata mwenyewe. Vyaagizwa hadi Voi, kisha vyafika vijijini kama Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Kijana atoa pesa ya kibarua, na mke mwenye dhiki ya ndoa atoa ya matumizi. Kwa hivyo ni haki tujue kilichoandikwa kwenye lebo.

Neno feromoni lilibuniwa mwaka 1959 na Peter Karlson na Martin Lüscher. Maana yake ni kemikali anayoitoa mnyama, na mwenzake wa jinsi yake akiipata hubadilika mwenendo. Mwaka huo huo, kundi la Adolf Butenandt lilitambua ya kwanza, iliyotoka kwa nondo wa hariri, na ilibidi watumie nondo wapatao 500,000.

Watu wa Rukanga waishi na feromoni bila kuziita jina. Nyuki anapouma hutoa isoamili asetati, yenye harufu ya ndizi mbivu, kuwaita wenzake waje kupigana. Ndovu waijua hatari hiyo. Ndiyo sababu kule Sagalla, karibu na Voi, mashamba yazungushiwa mizinga ya nyuki, kazi iliyoendelezwa na Lucy King na shirika la Save the Elephants. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kutoka Afrika Kusini kwamba hata harufu ya kutengenezwa ya hatari ya nyuki iliwafanya ndovu wengi wasite na kuondoka.

Sasa tusome jina moja refu: Z-7-dodesenili asetati. "Dodes" ni kaboni 12. "En" yaonyesha kuna kiungo cha mara mbili kati ya kaboni, na 7 ni mahali kilipo. "Z" ni umbo la mkunjo wake. "Asetati" ni mkia uliotokana na asidi ya siki. Mwaka 1996 mtafiti Bets Rasmussen alieleza kwamba ndovu jike wa Asia huitoa kwenye mkojo kumwita dume. Kemikali hiyo hiyo ni sehemu ya harufu ya nondo wa viwavijeshi vamizi, waliovamia mahindi yetu tangu 2017, na hutiwa katika mitego ya kuwanasa. Kwa hivyo kemikali yenyewe haina uchawi. Kinachofanya kazi ni mwili ulioumbwa kuipokea.

Tuje kwenye vichupa. Majina yanayopendwa ni matano. Androstenoni: "andro" ni dume kwa Kiyunani, na mwisho wa "-one" kwenye lebo ni alama ya ketoni. Hii hupatikana kwenye mate ya nguruwe dume. Jike aliye tayari akiinusa husimama tuli, na wafugaji hupuliza dawa yake kwa ajili hiyo. Baadhi ya watu hawaisikii kabisa, wengine huisikia kama mkojo. Androstenoli ni jamaa yake. Androstadienoni hupatikana kwenye jasho la wanaume, na estratetraenoli ilitambuliwa kwenye mkojo wa wajawazito. Kopulini nazo ni mchanganyiko wa asidi za mafuta, mojawapo ni butiriki, ile inayonuka kama samli iliyochacha.

Je, zamvuta binadamu? Mwaka 2017 watafiti wa Australia walizijaribu androstadienoni na estratetraenoli. Waliozinusa hawakuwaona watu wa jinsia nyengine wapendeza zaidi. Hadi leo hakuna feromoni ya mapenzi ya binadamu iliyothibitishwa. Kile kiungo cha puani ambacho wanyama wengi hupokelea feromoni, kwetu kimebaki alama tu.

Muislamu ana maswali mawili zaidi. La kwanza ni hiyo asili ya nguruwe. Androstenoni yaweza kutengenezwa maabara bila mnyama, lakini lebo haitakwambia ilikotoka. Muulize muuzaji, na hukumu yake waulize wanazuoni. La pili ni "-ol" mwishoni mwa jina. Kwa wakemia hiyo ni alama ya jamii ya alkoholi, lakini si kila alkoholi ni kileo: jeranioli imo kwenye waridi, na kolestroli imo mwilini mwako. Kileo ni ethanoli, na kwenye chupa nyingi huandikwa "alcohol denat."

Mara nyengine nje pameandikwa feromoni, na nyuma hamna hata moja ya hizo tano. Utakuta "parfum", neno moja linaloficha viungo vingi, kisha linaloli ya mrehani, limonini ya maganda ya machungwa na yujenoli ya karafuu. Hizo zatajwa kwa sababu huwawasha baadhi ya watu. Ukiona "butylphenyl methylpropional", irudishe. Ulaya iliipiga marufuku kwenye vipodozi tangu Machi 2022. Chupa isiyo na orodha wala jina la mtengenezaji usiinunue. Na hata nzuri, jaribu tone moja ndani ya kiwiko, ungoje siku mbili.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukipenda harufu, nunua harufu kwa bei ya harufu. Ama ndoa iliyopoa, haijapatikana kemikali ya kuipasha moto. Yataka mazungumzo, na hayo hayauzwi kwa chupa.