Nani Atasimama na Mdaiwa? (Sehemu ya Pili)

Kinanira, kusini mwa Bujumbura, ina watu wengi wanaoishi kwa mshahara: walimu, wauguzi, makarani, wafanyakazi wa mashirika. Mpita njia haoni dhiki huko. Lakini mshahara ndio rehani inayopendwa kuliko zote na wakopeshaji wa siri wanaojulikana Burundi, Rwanda na Kivu kwa jina moja: Benki Lambert.

Lambert haina ofisi wala kibao. Mkopaji huacha kadi yake ya benki na namba ya siri, pengine na kitambulisho. Mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye anayetangulia kwenye mashine ya pesa. Riba huhesabiwa kwa mwezi, si kwa mwaka. Mwalimu aliyekopa ada ya shule Septemba anaweza kufika Desemba akidaiwa zaidi ya alichokopa, ingawa kila mwezi amekatwa. Kirimba, yaani kikundi cha kuchangishana kwa zamu tulichokieleza katika sehemu ya kwanza, humfaa anayejiandaa. Aliyekwisha kuzama hana cha kuchangia.

Kwingineko mtu huyo ana mlango wa kubisha. Ufaransa, sheria ya tarehe 31 Desemba 1989 iliunda kamati za madeni ambazo sekretarieti yake huendeshwa na Benki Kuu. Kupeleka faili huko ni bure, na miongoni mwa wajumbe huwemo mtu mwenye uzoefu wa ustawi wa jamii na uchumi wa familia. Ubelgiji, iliyowahi kuitawala Burundi, ina kituo cha ustawi wa jamii katika kila manispaa tangu sheria ya 1976, na sheria ya 1998 ilimpa mdaiwa haki ya kupanga ulipaji wa madeni yake yote kwa pamoja mbele ya hakimu. Mpatanishi hupokea kipato cha mdaiwa, humwachia cha kuishi, na kinachobaki huwagawia wanaomdai. Wadai hawaruhusiwi kumkimbiza huku mpango ukiendelea.

Karibu zaidi, Kenya ilipitisha Sheria ya Ufilisi mwaka 2015. Asiye na mali, mwenye deni kati ya shilingi 100,000 na 4,000,000, anaweza kuomba utaratibu wake maalumu, na kwa kawaida baada ya miezi 12 deni hilo hufutwa. Shida ni kwamba kuujua utaratibu huo na kujaza fomu zake kunahitaji msaidizi.

Burundi haikukaa bure. Shirika la misaada la IRC (International Rescue Committee) lilijaribu kuongeza mazungumzo ya wanandoa kuhusu fedha za nyumbani katika vikundi vya kuweka na kukopa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wanawake walipata sauti kubwa zaidi katika maamuzi ya nyumbani. Kule Cibitoke na Kirundo, mradi wa Terintambwe wa shirika la Concern ulizipa kaya maskini fedha, mafunzo na mshauri wa kuzitembelea. Waliotembelewa mara nyingi na waliotembelewa mara chache walisonga mbele karibu sawa. Matokeo hayo yasidharauliwe: fedha zenyewe zilifanya kazi kubwa, na ushauri bila kipato una mpaka. Mei 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi iliposhusha thamani ya faranga hata bei rasmi ya dola ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja, hakuna daftari la matumizi ambalo lingeziba pengo hilo.

Miradi hiyo, hata hivyo, iliwalenga maskini wa vijijini. Karani wa Kinanira hayumo katika orodha yoyote. Akifika kwenye kituo cha maendeleo ya familia na jamii, kile kinachoitwa CDFC, hufika kwa sababu ya ugomvi wa ndoa au watoto kufukuzwa shule, na deni hubaki limefichwa nyuma ya mashtaka hayo. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayestahili jina hilo angeuliza mapema: kadi yako ya benki iko kwa nani?

Swali hilo lina sheria nyuma yake. Sheria ya shughuli za benki ya Agosti 2017 inadai kibali cha Benki ya Jamhuri kwa anayefanya ukopeshaji kuwa biashara. Lakini mdaiwa haendi kushtaki kwa sababu ametia saini karatasi asizozielewa, na anaogopa zitamgeukia yeye. Karatasi hizo ndizo tutakazozifungua katika sehemu ya tatu.