Chiriku Mpiga Tarumbeta
Chiriku mpiga tarumbeta, Bucanetes githagineus kwa jina la kisayansi, huishi kwenye majangwa yenye mawe, kuanzia Visiwa vya Canary na Sahara hadi Pakistani. Mdomo wake mfupi na mnene hubangua mbegu, chakula chake kikuu. Mbegu kavu hazimpi maji ya kutosha, kwa hiyo hulazimika kuruka kwenda kunywa, hata kama kisima kiko mbali. Msimu wa kuzaliana dume hupata rangi ya waridi, na mdomo wake huwa mwekundu. Lakini la ajabu hasa ni sauti: mlio mrefu wa puani, kama kitarumbeta cha watoto. Jike hutaga chini, kwenye kivuli cha jiwe au kichaka. Katika karne ya 20 ndege huyu alianza kuzaliana pia kusini-mashariki mwa Uhispania, kwenye nyika kavu za Almería.