Meza Nyoofu ya Kuchomelea Vyuma: Jinsi Fundi Anavyoweza Kuijenga kwa Gharama Nafuu

Geti lisilofunga vizuri, dirisha linalokwaruza fremu na kitanda kinachoyumba ni malalamiko yanayosikika mara kwa mara kwenye karakana za jua kali. Mteja hukataa kumalizia malipo, fundi hulazimika kukata na kuchomelea upya, na faida ya wiki nzima huishia kwenye elektrodi na umeme. Mara nyingi mkono wa fundi hauna kosa. Kosa liko chini ya kazi yake: sakafu yenye mabonde, matofali yasiyolingana au kipande cha bati kilichokunjika.

Chuma hufuata umbo la mahali kilipolazwa kinapochomelewa. Kikilazwa mahali palipopinda, kitapoa kikiwa kimepinda. Kwa sababu hiyo, kifaa ambacho fundi anayeanzia kazi nyumbani anapaswa kukitanguliza baada ya mashine yake ni meza ya chuma iliyonyooka. Habari njema ni kwamba unyoofu hauhitaji bamba zito la bei ghali. Unapatikana kwa kupima kwa makini na kuchomelea bila pupa.

Kwa nini chuma hupinda

Mita moja ya chuma ikipashwa joto kwa nyuzi 100 za Selsiasi hurefuka kwa takriban milimita 1.2. Mahali panapochomelewa hupata joto kubwa zaidi ya hilo kwa sekunde chache, ilhali chuma kilicho pembeni bado ni baridi. Sehemu yenye moto hutaka kutanuka lakini hubanwa na jirani yake. Inapopoa hunywea na kuvuta kila kitu upande wake. Ndiyo maana fremu iliyokuwa sawa asubuhi hupatikana imejikunja jioni, hasa ikiwa upande mmoja umechomelewa wote kwa mkupuo.

Meza nzuri humsaidia fundi kwa njia mbili. Kwanza, humpa mahali pa uhakika pa kupangia kazi. Pili, humwezesha kuibana kazi hiyo kwa klampu ili isivutwe wakati wa kupoa. Zaidi ya hayo, humwondolea fundi adha ya kuinama mchana kutwa.

Vifaa vinavyohitajika

Meza inayoelezwa hapa ina urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 80 na kimo cha karibu sentimita 87. Inatosha kwa madirisha, viti, madawati na sehemu kubwa ya kazi za nyumbani. Vipimo vyake vimepangwa ili vyuma vinavyouzwa kwa urefu wa mita 6 vitumike karibu vyote bila mabaki mengi:

• Tyubu mbili za mraba za milimita 50 kwa 50, unene wa milimita 3. Ya kwanza hutoa fremu ya juu: vipande viwili vya sentimita 120 na vinne vya sentimita 70. Ya pili hutoa miguu minne ya sentimita 78, viungo viwili vya chini vya sentimita 70 na kimoja cha sentimita 110.

• Chuma bapa kimoja cha upana wa milimita 100 na unene wa milimita 10. Kikikatwa mara nne hutoa mbao tano za chuma za karibu milimita 1,197 kila moja, kwa kuwa diski ya kukatia hula milimita chache kila inapopita.

• Bolti 20 za milimita 10 zenye kichwa bapa kinachozama ndani ya chuma, pamoja na nati na washa zake.

• Bolti nne na nati nne za milimita 16 za kuwekwa chini ya miguu.

Siri ya bei nafuu iko kwenye sehemu ya juu. Bamba zima la milimita 10 la ukubwa huo lina uzito wa takriban kilo 75. Mbao tano za chuma bapa zina uzito wa kilo 47 hivi. Kwa kuwa bei ya chuma huenda na uzito, akiba hiyo ya zaidi ya theluthi moja huonekana mfukoni. Mbao hizo hupangwa zikiachana kwa milimita 75, na mianya hiyo ni faida nyingine: klampu inaweza kupita na kubana kazi mahali popote, si ukingoni tu.

Kutumia bati la milimita 3 kwa nia ya kupunguza gharama zaidi si busara. Bati hilo huvimba na kubonyea kwa joto la kazi chache za mwanzo.

Tahadhari kuhusu vyuma chakavu

Vyuma vilivyotumika vinaweza kupunguza gharama, mradi vimenyooka na havijaliwa na kutu. Hata hivyo, biashara hiyo inaongozwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, inayomtaka muuzaji kuwa na leseni. Wakenya wanakumbuka kwamba mnamo Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, serikali ya kitaifa ilisimamisha biashara hiyo kwa muda.

Mnunuzi anashauriwa kudai risiti na kuepuka vipande vya reli, vyuma vya minara ya umeme, vizuizi vya barabarani na vifuniko vya mitaro ya maji taka. Chuma cha bei ya kutupa kinaweza kumtia fundi mashakani.

Hatua ya kwanza: kupata rula ya kuaminika

Haiwezekani kunyoosha meza kwa rula iliyopinda. Rula ndefu ya alumini wanayotumia waashi inafaa, lakini ipimwe kwanza. Fundi huchora mstari mwembamba akifuata ukingo wa rula, kisha huigeuza upande wa pili na kuchora tena kwa kutumia ukingo ule ule kati ya alama zile zile mbili. Mistari ikilaliana, rula ni nyoofu. Ikiachana katikati, rula hiyo haifai kwa kazi hii.

Hatua ya pili: fremu

Sakafu ya saruji isichukuliwe kuwa iko sawa kwa sababu tu inaonekana hivyo. Vipande vya fremu hulazwa juu ya matofali manne au zaidi, na kila pembe huinuliwa kwa vipande vya bati mpaka pimamaji ionyeshe usawa pande zote. Vipande viwili vya sentimita 70 hufunga ncha za fremu, na viwili vingine hugawanya urefu wake katika sehemu tatu zinazolingana.

Kila kiungo kwanza hushikizwa kwa nukta ndogo tu. Baada ya hapo hupimwa mambo mawili.

La kwanza ni pembe mraba. Mstari wa kutoka pembe hadi pembe ya mkabala unapaswa kuwa milimita 1,442 pande zote mbili. Ukitofautiana, fremu husukumwa taratibu mpaka vipimo vilingane.

La pili ni msokoto. Nyuzi mbili nyembamba hukazwa kimsalaba kutoka pembe hadi pembe juu ya fremu. Nyuzi zikigusana kidogo tu katikati, pembe zote nne ziko kwenye usawa mmoja. Zikiachana, au mmoja ukiusukuma mwingine, fremu imesokoteka. Kipimo hurudiwa kwa kubadilisha uzi ulio juu uwe chini, ili kuwa na hakika.

Vipimo vikikubali, ndipo kuchomelea kamili huanza. Fundi huchomelea sentimita 3 hivi kwenye pembe moja, kisha huhamia pembe ya mkabala, halafu upande wa pili, akiacha kila sehemu ipoe. Chuma kisimwagiwe maji ili kuharakisha kazi. Kwa tyubu za unene huu, elektrodi ya milimita 2.5, ambayo mafundi wengi huijua kama geji 12, inatosha. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii msemo huo unaweza kupimwa kwa rula.

Hatua ya tatu: miguu

Miguu huunganishwa kwenye pembe nne ikipimwa kwa skwea pande mbili, kisha hufungwa kwa viungo vya chini vilivyopangwa kama herufi H. Chini ya kila mguu huchomelewa kipande kidogo cha bamba chenye tundu na nati ya milimita 16, na bolti huingizwa humo kichwa kikiwa chini. Bolti hizo huzungushwa kuinua au kushusha kila mguu.

Kifaa hiki kidogo kisiachwe. Meza ikisimama kwenye sakafu yenye mabonde, uzito wake na wa kazi iliyo juu huisokota polepole. Kila inapohamishwa, miguu irekebishwe na nyuzi za kimsalaba zirudishwe.

Hatua ya nne: sehemu ya juu

Hapa ndipo wengi huharibu. Baada ya kutengeneza fremu nzuri, huchomelea sehemu ya juu kwa mistari mirefu pande zote, na joto huikunja meza yote. Njia salama ni kufunga kwa bolti. Kila mbao ya chuma hukutana na fremu mahali pane, hivyo matundu ni 20 kwa jumla. Vichwa vya bolti vizame kabisa ili visiinue kazi. Fundi asiye na mashine ya kutobolea yenye stendi anaweza kukubaliana bei na karakana jirani wamtobolee.

Kisha rula hulazwa kukatiza mbao zote tano, halafu kwa urefu, na mwishoni kutoka pembe hadi pembe. Kipimo cha mwanya kati ya rula na chuma hakihitaji kifaa cha gharama: karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa karibu milimita 0.1. Karatasi tatu zikipita chini ya rula, mahali hapo pamebonyea kwa milimita 0.3 hivi.

Panapobonyea, bolti hulegezwa na kipande cha kopo la soda la alumini huingizwa kati ya ubao wa chuma na fremu. Kopo hilo nalo lina unene wa takriban milimita 0.1, hivyo fundi anaweza kuongeza kidogo kidogo mpaka rula ikae sawa. Kwa magetí, milango na samani, meza ambayo haitofautiani zaidi ya milimita 1 kutoka mwisho hadi mwisho ni meza nzuri. Kwa subira kidogo, nusu ya hapo inawezekana.

Uso wa juu usipakwe rangi kwa sababu rangi huzuia mkondo wa umeme. Kibanio cha waya wa kurudisha mkondo hufungwa kwenye kazi yenyewe au kwenye ubao wa chuma inapolala. Matone ya chuma yaliyogandia yakwanguliwe kila jioni, na uso upanguswe kwa mafuta kidogo kuzuia kutu.

Usalama nyumbani

Miwani ya jua haizuii madhara ya mwanga wa kuchomelea. Fundi, na kila anayemsaidia, atumie barakoa yenye kioo cha nambari 10 au 11. Macho yakiungua, maumivu hujitokeza saa kadhaa baadaye, kana kwamba yametiwa mchanga. Watoto wazuiwe kabisa kukaribia na kutazama.

Tyubu na mabati yaliyopakwa zinki hutoa moshi unaoweza kumletea fundi homa na kutetemeka saa chache baadaye. Zinki iondolewe mahali pa kuchomelea, na kazi ifanyiwe penye hewa ya kutosha. Magodoro, mitungi ya gesi, petroli na rangi vikae mbali, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Soketi ya kawaida ya nyumbani nchini ni ya ampea 13, na mashine kubwa huihemea hadi nyaya kuungua. Fundi umeme aliyeidhinishwa aitwe kuweka laini ya peke yake yenye swichi ya kukata umeme.

Kutoka nyumbani hadi sokoni

Anayechomelea vitu vyake mwenyewe hana haja ya leseni ya biashara. Anayeanza kuuza anahitaji kibali cha biashara cha kaunti, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamhusu pindi anapoajiri hata kijana mmoja wa kumsaidia.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti. Kijana ambaye hajawahi kushika mashine ya kuchomelea anashauriwa kuanzia hapo, ajifunze chini ya mwalimu kabla ya kujenga meza yake. Aliyejifunza kazi mtaani naye anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, unaotolewa kwa madaraja matatu, ili ujuzi wake utambuliwe kwa cheti.

Cheti humfungulia fundi mlango wa zabuni. Lakini dawati linapokabidhiwa shuleni, anayelipokea huliweka sakafuni na kulitikisa kwanza. Dawati lililoungwa juu ya meza nyoofu halitayumba.